Kibodi Iliyongoja Maombi

Meza yangu ya kazi pale Makutano ilikuwa kichekesho cha mtaa mzima, na sikujali. Watu waliokuja kuchapisha programu za mazishi waliingia na nyuso za msiba, wakakaa kwenye benchi, wakaangalia jinsi nilivyoketi, na baada ya muda mfupi ungemwona mmoja akimgusa mwenzake kwa kiwiko. Skrini ya kompyuta niliiweka juu ya kreti ya ndizi iliyotoka Mitunguu, ili nisiiname shingo. Chini ya viganja vyangu kulikuwa na mto mdogo wa kitenge uliojaa ndengu. Karatasi niliyokuwa nikinakili ilining'inia mbele ya macho yangu kwenye spoki ya baiskeli niliyoipinda mwenyewe kwa koleo. Na chini ya meza, mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya pedali ya charahani, ukibonyeza na kuachia.

"Madam, kwani hapa unashona nguo ama unataipu?" waliniuliza.

"Nashona," niliwajibu. "Kama una haraka, enda kwa wale hawashoni."

Hawakuenda. Upande wetu huu mtu hazikwi bila programu: picha yake mbele, historia ya maisha yake ndani, majina ya watoto na wakwe kwa mpangilio ambao familia haiwezi kukubaliana, na nyimbo za Kimeru kwenye ukurasa wa nyuma. Kufikia Alhamisi watu walikuwa wamejazana mlangoni kwangu, kwa sababu mazishi ni Ijumaa na Jumamosi, na hakuna familia inayotaka kumngoja mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja. Walinivumilia mimi na vitu vyangu kwa sababu nilikuwa mwepesi, na sikukosea majina.

Kazi hiyo nilijifunzia Embu, enzi za mashine za taipu, kwa mwalimu aliyetufunika mikono kwa kitambaa ili tusichungulie herufi. Nilikuwa msichana wa Kiritiri, nilikuwa najua mbuzi na vumbi na kupepeta ndengu, na siku niliyoandika sentensi nzima bila kuangalia nilijiona nimeshaiacha njaa nyuma. Kisha nikaolewa na mwalimu wa Meru, huku juu kwenye chai na baridi. Nikafanya ukatibu katika ofisi za watu, nikawaandikia barua zao mabwana ambao hawakuwa wanajua kuandika, na kompyuta zilipoenea nikafungua duka la kompyuta, saiba yangu. Nasema yangu. Mume wangu aliiita yetu mbele za watu, lakini hakuwahi hata kuwasha printa.

Ubaya ulianza na ganzi. Niliamka asubuhi vidole vimekufa, nikavipiga pajani mpaka vikafufuka. Baadaye kikombe kikaanza kunitoka mkononi bila mimi kujua kwamba nimekiachia. Nikaenda kliniki moja mjini, na daktari akanigonga kidogo tu kwenye kifundo cha mkono, nikasikia shoti ya umeme ikienda hadi kwenye ncha za vidole. Akaniambia kuna mshipa wa fahamu unaopita pale kwenye njia nyembamba, na kwa miaka yote niliyopiga herufi viganja vikiwa vimekunjwa nimekuwa nikiubana. Akanionyesha nyama iliyo chini ya kidole gumba cha kulia. Ilikuwa imeanza kubonyea.

"Mama, hii nyama ikiisha hairudi," akasema. "Badilisha vile unafanya kazi, na ubadilishe mapema. Hiyo ama uache."

Kuacha sikutaka hata kulisikia neno lenyewe. Ile saiba ndiyo sehemu pekee duniani ambapo mtu alinisubiri mimi, wala si mke wa mwalimu. Kwa hiyo nikaanza kubadilisha, kwa vitu nilivyokuwa navyo. Mto wa mkono nilijaribu kuujaza mchele, ukawa mgumu. Nikajaribu mtama, ukateleza na kukimbilia pembeni. Ndengu ndizo zilizokaa. Mama yangu alinitumia kutoka nyumbani, akicheka kwenye simu kwamba hajawahi kusikia ndengu zikiajiriwa ofisini.

Pedali ilikuwa wazo langu kuu, na mpaka leo najivunia. Kidole gumba ndicho kinachobonyeza ile nafasi kati ya neno na neno, siku nzima, na ndicho kilichokuwa kinakufa. Nikajiuliza: ikiwa charahani inaendeshwa na mguu, mbona nafasi isibonyezwe na mguu? Stoo kwetu kulikuwa na charahani kuukuu ya marehemu mama mkwe, imejaa kutu. Nikang'oa pedali, nikaipeleka kwa fundi wa redio aliyekuwa akikaa karibu na stendi. Fundi huyo alikuwa mwongo wa kawaida wa mafundi, kila siku ni kesho, lakini alipoelewa ninachotaka alicheka mpaka akaacha redio ya mtu wazi. Alifungua kibodi ya zamani, akatoa nyaya mbili, akaziunganisha na kitufe cha kengele ya mlango, na kitufe akakifunga chini ya pedali. Mara ya kwanza nilikanyaga kidogo tu, nafasi zikatoka mfululizo mpaka mwisho wa mstari. Tukaweka kipande cha sponji ya godoro ili pedali irudi haraka. Ikakubali. Siku hiyo niliandika historia ya marehemu kuanzia kuzaliwa hadi kulala bila kidole gumba changu kugusa kitu, na nilirudi nyumbani nikiimba.

Mume wangu alikuja kuiona meza hiyo akiwa na wazee wenzake wa kanisa, wakitaka programu ya kongamano. Alikuwa amestaafu ualimu mkuu, na akili yake yote sasa ilikuwa kwenye kanisa na kwenye watu wanasema nini. Wazee walicheka, naye akacheka pamoja nao. Tulipofika nyumbani kicheko kikaisha.

"Unaniaibisha, Mama Watoto. Mke wa hedimasta anafanya kazi juu ya kreti ya ndizi, na matakataka chini ya meza."

"Mwalimu, si nilikwambia mambo ya daktari? Kidole kinaisha."

"Basi tutafute vitu vya watu. Si hizo za mafundi wa jua kali."

Nimpe haki yake: alimpigia simu kijana wetu wa Nairobi, anayefanya kazi ya kompyuta, na kijana hakuchelewa. Kifurushi kilikuja kwa gari la vifurushi. Tulikifungua sebuleni, juu ya meza ya wageni. Ndani kulikuwa na kibodi ambayo sikuwahi kuona nyingine kama hiyo, imegawanywa nusu mbili, nusu ya mkono huu na nusu ya mkono ule, zimeunganishwa na waya, na kila nusu imeinuliwa katikati ili kiganja kilale ubavu. Kulikuwa na kipanya kinachosimama wima, unakishika kama unayemsalimia mtu. Kulikuwa na mito miwili laini ya viganja, na stendi ya skrini inayopanda na kushuka. Kijana alikuwa ameniwekea na pedali ya miguu, ya kiwandani, nyeusi, yenye vitufe vitatu. Nilikuwa nimemsimulia habari za charahani, naye akaenda akatafuta ile ambayo wenye akili huko duniani walikuwa wameshaiwaza. Nilicheka kwa sauti. Mimi wa Kiritiri, tumewaza kitu kimoja na watu wa viwanda!

Niliweka mikono juu ya zile nusu mbili, nikizisogeza mpaka zikalingana na mabega yangu. Viganja vikalala. Hakuna kilichobanwa popote. Sikuwa nimejua ni kiasi gani cha maumivu nilichokuwa nimekizoea mpaka kilipoondoka kwa dakika ile, na machozi yakanitoka pale pale, mbele ya mume wangu.

"Sawa, sawa," akasema. "Sasa rudisha kwa boksi. Usiguseguse kabla ya maombi."

Lazima nieleze hapa, kwa maana mtu wa mbali anaweza kudhani mume wangu alikuwa kichaa. Hakuwa. Kwetu kitu kipya cha maana hakitumiki kabla hakijaombewa. Gari, nyumba, ng'ombe wa gredi, duka, vyote huwekwa wakfu, na kuwekwa wakfu si kufumba macho mwenyewe jikoni. Ni mchungaji, ni majirani, ni hema, ni mbuzi na chapati na mukimo, ni mwenye nyumba kusimama na kusimulia Mungu alikomtoa. Mimi pia niliamini hivyo, na bado naamini kuomba. Lakini tulikuwa tumeshanunua tangi la maji, likakaa uani likingoja mchungaji apate nafasi, na mvua ya masika ikanyesha yote ikapita ubavuni mwake, tukachota mtoni. Liliombewa siku ya jua kali. Watu wakasema amina, nami nikachukua mtungi nikaenda mtoni.

Hilo lingenitosha kuwa funzo. Lakini nilidhani ni wiki moja tu.

Mume wangu alitoa vitu kwenye boksi, akavipanga kwenye meza ya sebuleni, akavifunika kwa vitambaa vyeupe vya kushona kwa mkono, vile tunavyofunika makochi na redio. Wageni walipokuja, alifunua pembe ya kitambaa kwanza, polepole, kisha akafunua yote. Akawaeleza kijana wetu yuko wapi na anafanya nini. Wageni wakazunguka meza mikono ikiwa nyuma. Mmoja aliuliza kama ni mashine ya kupima presha. Nami nilikuwa nimesimama na sinia la chai, vidole vimekufa ganzi, nikitazama dawa yangu ikionyeshwa kwa watu wenye mikono mizima.

Mchungaji wa hapa alikuwa tayari kuja hata kesho yake. Mume wangu akasema hapana, vitu vya hadhi hii vinataka askofu. Askofu ana shughuli nyingi. Siku ikawekwa, ikaahirishwa, ikawekwa nyingine, ikaahirishwa kwa sababu ya mazishi ambayo programu yake nilikuwa naichapisha mimi mwenyewe kwa uchungu. Nilielewa polepole, na nilipoelewa nilishikwa na hasira ambayo haijaniondoka. Mwalimu hakuwa na haja ya kibodi kuombewa. Alitaka askofu aingie nyumbani kwake, akae kwenye kochi lake, ale mbuzi wake, na kibodi yangu ndiyo iliyopatikana kuwa sababu.

Wakati huo huo mume wangu alikuja Makutano siku moja ambayo sikuwepo, akaondoa pedali yangu ya charahani. Alipoulizwa akasema vitu vipya vimeshakuja, ya zamani ya nini tena, na dada yake anataka kuitengeneza ile charahani ashone sare za shule. Wadudu nao wakaingia kwenye mto wa ndengu, wakautoboa, unga ukawa unamwagika kwenye meza. Mama hakuwa na ndengu nyingine, huko kwetu hakukuwa kumenyesha. Kwa hiyo nikawa sina vyangu vya zamani na sina vipya. Nikarudi kubonyeza nafasi kwa kidole gumba, na kilipokataa nikabonyeza kwa kidole cha shahada, nikiruka kama kuku. Mwendo wangu ukapotea. Watu wa Alhamisi wakaanza kuangalia saa.

Nilijaribu, msije mkasema sikujaribu. Siku ya soko mume wangu alienda kwenye mkutano wa kamati, nikafunua kitambaa, nikatia kibodi na pedali kwenye kiondo, juu yake nikaweka sukuma wiki, nikaenda nazo Makutano. Nilizichomeka. Niliketi, nikapumua, nikaanza historia ya mama mmoja mzee wa Imenti aliyelea wajukuu wengi. Mikono ilikimbia. Mguu ulikimbia. Mteja mmoja kwenye benchi akasema, "Huyu mama leo ako na moto." Nilikuwa na furaha ya kweli, ya mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Sijui ni nani aliyenisema. Huenda ni wifi yangu, huenda ni mtu tu. Mume wangu aliingia akiwa na koti la mkutano, hakunisalimia mimi wala wafiwa. Akainama chini ya meza mbele ya watu wote, akang'oa waya. Kwenye skrini yule mama mzee akabaki ameolewa na hajazaa.

"Hii kitu haijaombewa," akasema. "Ikiharibika utamwambia askofu nini?"

"Mkono wangu ukiharibika utamwambia daktari nini?"

"Mkono wako uko na Mungu."

Wafiwa walitazama chini. Mzee mmoja kati yao alitikisa kichwa kuonyesha kwamba mume wangu amesema kweli. Nilimaliza ile programu kwa kibodi kuukuu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilirudisha programu yenye makosa. Mjukuu mmoja hakutajwa. Walilalamika, na walikuwa na haki.

Askofu alikuja wakati mahindi yameshakauka shambani. Hema lilijaa, na magari yakaegeshwa hadi barabarani. Nilikuwa nimepika tangu alfajiri na wanawake wa chama, nikisukuma chapati kwa ngumi kwa kuwa vidole havikushika mti wa kusukumia. Vitambaa vilifunuliwa. Askofu, mtu mpole, sina neno naye, aliweka mikono juu ya kibodi na kuomba kwa Kimeru maombi mazuri, akaomba kazi ya mikono ya mama huyu ibarikiwe. Nilisema amina kwa moyo wote. Nilikuwa nimeshapanga kichwani jinsi Jumatatu nitakavyoamka mapema, niisogeze ile meza karibu na dirisha.

Ndipo mume wangu akasimama kutoa shukrani. Alianza mbali, kwa baba yake asiyekuwa na viatu. Akaja kwa ualimu, akaja kwa kijana. Kisha akamgeukia askofu.

"Baba Askofu, juzi nilikuwa katika ofisi yako. Niliona kibodi unayoitumia. Herufi zimefutika. Nikasononeka moyoni. Sisi kama familia tumekaa, tumeongea, na tumekubaliana. Vitu hivi havitabaki katika nyumba hii. Tunavitoa kwa kazi ya Bwana."

Hatukuwa tumekaa. Hatukuwa tumeongea. Vigelegele vilipasuka kila upande, na watu wakasimama, na mwongoza ibada akachukua kipaza sauti akasema mama wa nyumba apigiwe makofi kwa moyo wake wa kutoa, na mama mwenyewe ampigie Mungu makofi. Wote waliniangalia. Askofu naye aliniangalia, na nadhani aliona kitu usoni pangu, maana aliacha kutabasamu, lakini hakuuliza. Nilipiga makofi. Kila kofi lilipanda hadi begani. Nilipiga kwa sababu watu walikuwa wananitazama, kwa sababu mbele ya askofu mwanamke hasemi hapana, na kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitatukana. Vitu vyangu vikafungwa kwenye shuka mpya na kupakiwa kwenye gari la askofu, na kile kipanya nilichokishika siku ile moja kilichomoza kidogo kwenye mkunjo wa shuka.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba amenimaliza. Akanijibu, kwa upole kabisa, kwamba aliyetoa hawezi kupungukiwa, na kwamba kijana atatuma nyingine.

Kijana alipiga simu, na baba yake ndiye aliyeichukua. "Inamsaidia sana," nilimsikia akisema. "Mama anafurahi sana." Ukweli kijana aliupata kwangu alipokuja Krismasi. Alikasirika, akatoka nje, akakaa kwenye gari lake muda mrefu, kisha akanirudisha kwa yule daktari ili ajue ni chombo gani aninunulie sasa. Daktari aliutazama mkono wangu, akabonyeza pale chini ya kidole gumba, na hapakuwa na kitu cha kubonyeza. Alisema upasuaji unaweza kupunguza maumivu. Kuhusu kuandika akasema nimpe mtu mwingine kazi hiyo. Hakukuwa na chombo cha kununua.

Nilifunga saiba. Sasa pale wanauza simu na vifuniko vyake. Mume wangu akawaeleza watu kwamba mama ameamua kupumzika, na watu wakaniambia hongera.

Baada ya hapo msichana mmoja, katibu wa ofisi ya askofu, akanipigia simu. Ameambiwa mimi ndiye mwenye kujua ile kibodi, anaomba nimwonyeshe. Nilienda. Sijui nilikuwa natafuta nini, labda nilitaka tu kuona kwamba mikono ya mtu fulani inapona. Msichana alinikaribisha kwa heshima zote, akanipa kiti, akaniwekea soda.

"Mama, pole, ilikuja kama imevunjika katikati," akasema. "Lakini tulipeleka kwa fundi akaishikanisha."

Zile nusu mbili zilikuwa zimebandikwa kwenye ubao mmoja, kwa gundi na misumari midogo, zimelazwa na kusukumwa pamoja mpaka zikagusana. Fundi alikuwa amefanya kazi safi. Alikata hata ile miguu iliyokuwa ikiziinua katikati, ili zikae sawa. Ile pedali ilikuwa sakafuni, imeshikilia mlango usifungwe na upepo.

"Na bado inasumbua," msichana akasema, akijisugua kifundo cha mkono. "Nikitaipu sana vidole vinalala."

Nilimwambia aende hospitali. Nilimwambia mara mbili, kwa ukali, mpaka akaogopa. Sikumaliza soda.

Nyumbani nilikuta wazee wa kanisa sebuleni, na mume wangu akaniita kabla sijavua viatu.

"Mama Watoto, wageni wamekaa bila chai."

"Mikono uliitoa sadaka, Mwalimu," nikamwambia pale pale mlangoni. "Mwambie askofu aje akupikie."

Mzee mmoja akakohoa, akaangalia saa, wakaaga. Mume wangu hakunigombeza. Alingoja Jumapili, akasimama kanisani wakati wa maombi maalum, akasema nyumbani kwake kuna roho ya uchungu, anaomba mke wake akumbukwe. Nikaitwa mbele. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono mabegani, mikono mizima yote, nikiusikia uzito wa kila mmoja. Mchungaji akasema mama anyooshe mikono juu, apokee.

Mikono yangu niliiacha ilipokuwa. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na kanisa zima likangoja.